Rota Mfukoni

Nadine Huffnagle hakuwa mtu wa magari, na hakuwahi kujisingizia. Kila mwaka, mwanzoni mwa Septemba, mumewe Verlin alipofungasha viti vya kukunja kwenda kwenye mnada wa magari ya kale, yeye alibaki nyumbani kwa furaha isiyojificha, akalala katikati ya kitanda na kula mkate na siagi usiku badala ya kupika. Kwa hiyo jioni moja ya Agosti, wakiwa mezani na mahindi ya kuchemsha, aliposema, "Mwaka huu tunaenda wote," Verlin aliacha kutafuna.

"Wapi?"

"Mnadani. Au una pengine unapokwenda Septemba ambapo sijaambiwa?"

"Wewe unauchukia mnada."

"Niliuchukia. Mtu habadiliki? Hebu nipe hiyo chumvi, mzee."

Verlin akampa chumvi. Lakini machale yalikuwa yameshamcheza. Mwanamke aliyeita mnada ule "mazishi ya vyuma" kwa miaka yote ya ndoa yao haamki siku moja akautamani hivi hivi tu.

Alijua ni nini kilichobadilika. Siku zote alikuwa akienda na shemeji yake, Dewey Kline, kaka wa Nadine, kapera wa maneno mengi na kofia moja. Dewey alifariki Februari, moyo ukamsimama akiwa amesinzia mbele ya televisheni. Aliacha mbwa mzee, ambaye alichukuliwa na jirani, na pikapu ya kijani ya mwaka 1951 ambayo yeye na Verlin waliikuta kwenye zizi la ng'ombe, kuku wakitagia kwenye kiti. Kwa zaidi ya miaka kumi waliijenga upya bandani kwa Verlin, nati moja baada ya nyingine, wakigombana na kucheka. Ilikamilika Krismasi iliyopita. Dewey hakufikiria kuiuza hata siku moja. Alitaka kitu kimoja tu: aipitishe kwenye jukwaa la mnada, watu waisikie inavyonguruma, kisha arudi nayo nyumbani kula.

Sasa shida ilikuwa hapa. Pikapu iliandikishwa kwa jina la Dewey, na Dewey hakuacha mke wala mtoto. Kisheria ilikuwa imeshakuwa mali ya dada yake. Nadine angeweza kuiuza kesho asubuhi bila kumuuliza mtu, na Verlin asingekuwa na la kusema. Kila Jumapili, wakishatoka kanisani, Verlin aliingia bandani, akafunua turubai, akakaa kwenye kiti cha abiria. Kile cha dereva kilikuwa cha Dewey na hakukigusa. Alikaa hapo akinusa grisi na kumkumbuka yule mropokaji, ambaye alimpenda kuliko ndugu zake wa kuzaliwa. Pikapu ikiondoka, angebaki na nini? Na mwezi wa Juni, Nadine akitafuta ngazi, alikuwa amesema kwa sauti, "Hili banda limejaa. Lazima siku moja tufanye jambo." Verlin aliliweka neno lile moyoni.

Basi wakaanza kupanga safari, kama wanavyopanga wanandoa, mmoja akiamua na mwingine akijulishwa. Nadine alishapata chumba, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka uwanjani. Alishaamua mayai ya kujaza na pai ya krimu. Alishanunua kofia pana ya jua.

"Tunaondoka Alhamisi," alisema.

Verlin akaweka kikombe chini. "Alhamisi? Mimi na Dewey tulikuwa tunaenda Jumamosi."

"Jumamosi watu wamejaa. Choo kina foleni."

"Nadine, Alhamisi hakuna kitu cha kuona."

"Basi nitaona hicho ambacho hakipo."

Mtu asiyejua minada angeridhika na habari ya choo. Verlin alikuwa anajua. Watazamaji na wanunuzi wenye pesa zao huja Jumamosi. Alhamisi huja wenye magari yao wenyewe ya kupitisha jukwaani. Alikwenda kuoga akiwa na hasira iliyomfanya asahau sabuni.

Kuanzia hapo akawa mpelelezi ndani ya nyumba yake mwenyewe, kazi isiyomfaa, maana alikuwa mzito wa hatua na mwepesi wa kukohoa. Jumapili alipoingia bandani aligundua kwamba turubai limekunjwa upande ambao yeye halikunji. Matairi, aliyoyaacha yamelegea kidogo, yalikuwa yamejazwa upepo. Akapitisha kidole kwenye boneti na kukinusa. Polishi, tena polishi nzuri. Akakaa kwenye kiti chake cha abiria na kwa mara ya kwanza hakumkumbuka Dewey. Alimfikiria mkewe, na hakufikiri mema.

Kesho yake alimpitia Burl, jirani aliyekuwa na tela la kubebea magari. Tela la Burl lilikuwa maarufu kwa matope yake. Siku hiyo lilikuwa linang'aa.

"Umeosha tela," Verlin alisema.

"Eti?" Burl akaligeukia kana kwamba limefika sasa hivi. "Ah, hilo. Nimelimwagia maji tu. Joto."

"Joto la tela?"

"Joto la mimi, bwana. Nilikuwa na mpira wa maji mkononi, tela lilikuwa karibu." Akajikuna shingo. "Eti, Verlin, pikapu kama ile ya marehemu, ina uzito gani hivi? Nauliza tu."

"Unauliza tu."

"Kuna mtu tulikuwa tunabishana."

"Nani?"

"Humjui."

Burl ni mtu mwema lakini kwa uongo hafai hata bure. Verlin alirudi nyumbani akiwa ameshapata picha nzima: mkewe anaiuza pikapu ya Dewey, na jirani anaibeba. Kilichomuuma zaidi ni kwamba wanampeleka na yeye akashuhudie, akiwa na sahani ya mayai mapajani.

Angeweza kumuuliza. Usiku ule, wakikausha vyombo, alijaribu kumzungukia kwa maneno.

"Kuna watu," alisema, "marehemu hata hajapoa, wameshauza vitu vyake."

"Watu wana haraka," Nadine alisema, akamkabidhi sufuria.

"Bila hata kuwauliza waliokuwa karibu naye."

"Mh. Hiyo bado ina mafuta, rudia."

Hakuuliza zaidi. Tuseme ukweli, aliogopa jibu. Akiuliza na mkewe akasema ndiyo, ni ya kaka yangu na ninaiuza, mazungumzo yangeishia hapo, na kila siku inayofuata wangekula meza moja wakijua. Akaona heri ujanja.

Ujanja wenyewe alikuwa amefundishwa na Dewey. Watu wa magari ya kale hawana imani na kufuli. Wakiliacha gari lao mahali penye watu, hufungua kile kifuniko kwenye injini kinachotoa nyaya za plagi, wakachomoa rota, kijipande cheusi kinacholingana na kizibo cha chupa, wakatia mfukoni. Bila rota moto haufiki kwenye plagi. Utazungusha ufunguo mpaka betri ife, gari halitawaka. Dewey alifanya hivyo kwa kila gari kuukuu alilowahi kuwa nalo, kila mahali, hata nje ya kanisa, hata nyumbani kwa dada yake, ambako hakuna aliyewahi kuiba hata ua.

Jumatano mchana, Nadine akiwa dukani, Verlin aliingia bandani na kuichomoa rota. Akaitia mfuko wa shati, juu ya moyo, akafunga kifungo. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Gari lisilowaka husukumwa kwa mikono mpaka jukwaani, na gari la kusukumwa wanunuzi huliogopa. Hakuna atakayelitaka. Litarudi nyumbani likiwa limeaibika kidogo, lakini litarudi.

Alhamisi asubuhi Nadine alimtuma barafu, kwenye duka la mbali, kwa sababu eti barafu ya karibu ina ladha. Verlin alikwenda bila kubisha. Aliporudi mlango wa banda ulikuwa umefungwa vizuri mno, na kwenye nyasi palikuwa na alama za magurudumu ya tela. Akajifanya hamnazo. Njia nzima Nadine aliongea juu ya mahindi ya watu mashambani, na Verlin aliitikia huku akijigusa kifuani mara kwa mara.

"Moyo?" Nadine aliuliza.

"Kiungulia."

Uwanjani walipokelewa na vumbi, harufu ya nyama ya kukaanga na sauti ya dalali ikitoka kwenye spika, ikikimbia bila kuvuta pumzi. Nadine hakutazama gari hata moja. Alimshika mkono, akampitisha katikati ya mahema mpaka kwenye foleni ya magari yanayosubiri jukwaa. Pikapu ya kijani ilikuwa pale, safi, kofia ya Dewey imewekwa juu ya dashibodi. Burl alikuwa amesimama kando, akitazama viatu vyake.

"Usinune kwanza," Nadine alisema. "Nisikilize mpaka mwisho."

"Unaiuza."

"Siiuzi. Nimeweka bei ya chini kabisa ninayoikubali, na hiyo bei hata kichaa haifikii. Yule binti wa ofisini aliniuliza mara mbili kama nimekosea sifuri. Nikamwambia, mwanangu, ongeza na nyingine." Alikuwa akicheka, lakini macho yamejaa machozi. "Kaka yangu alitaka ipite. Basi itapita, watu waisikie, dalali ataje jina lake kwenye spika, halafu Burl anaturudisha nayo nyumbani. Ni hilo tu. Sikukwambia kwa sababu tangu Februari kila nikisema jambo la Dewey unatoka nje. Ungekataa, Verlin. Na unajua ungekataa."

Kile kijipande cha plastiki kwenye mfuko wa shati la Verlin kilikuwa kizito kama betri.

"Na dereva ni wewe," Nadine alisema, akamwekea ufunguo mkononi. "Nani mwingine?"

Mbele yao yalikuwa yamebaki magari mawili. Msimamizi wa foleni, mwanamume mwenye fulana ya njano, aliwapungia mkono. "Pikapu ya kijani, washeni."

Hapo ndipo mtu mzima mwenye akili timamu angesema ukweli. Verlin alifungua mlango, akakaa kwenye kiti cha Dewey kwa mara ya kwanza, akazungusha ufunguo, akijua kabisa. Stata ikalia, ikalia. Akazungusha tena. Akaifinya midomo na kutikisa kichwa kama mtu anayeshangaa.

"Burl," Nadine alisema, "uliipakiaje?"

"Niliivuta kwa winchi. Na hapa tuliisukuma. Sikuthubutu kugusa ufunguo wa marehemu."

"Haina shida, mama," yule wa fulana ya njano alisema. "Naita vijana waisukume. Za kusukumwa zipo nyingi."

"Hapana. Kaka yangu hakuijenga isukumwe." Nadine aliushika mlango wa pikapu. "Alitaka isikike. Si waione. Waisikie."

Verlin aliushika usukani akashindwa kumtazama. Mkono wake, bila kutumwa, ukapanda kifuani, pale kwenye kifungo. Kisha akageuka. Nadine alikuwa anautazama ule mkono. Alikuwa na ndugu aliyeingia jikoni kwake miaka nenda rudi akijipapasa mfuko ule ule. Alishazifua rota za Dewey pamoja na mashati yake, akazikuta chini ya mashine ya kufulia, akamtupia mezani na kumwambia siku moja atazikaanga.

Hakupiga kelele. Aliingiza mkono dirishani, kiganja juu.

"Lete," alisema.

Verlin alifungua kifungo. "Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Miaka yote hii, Verlin. Lete."

Akampa. Nadine alikitazama kile kijipande, akakipangusa kwenye gauni lake, akamrudishia. "Haya, irudishe. Na usitetemeke, utaivunja."

Alitetemeka, lakini hakuivunja. Boneti juu, vibano viwili, rota mahali pake, kifuniko, boneti chini. Gari la mbele yao lilikuwa limeshapanda jukwaani. Nadine alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha abiria, kofia ya jua mapajani, akitazama mbele. Verlin akazungusha ufunguo na pikapu ikawaka papo hapo, ikanguruma ile ngurumo yake nzito ambayo Dewey aliisifu kuliko wanawake wote aliowahi kuwakimbia. Watu wa kwenye viti wakageuka.

Jukwaani dalali alisoma majina mawili, Dewey Kline na shemeji yake Verlin Huffnagle. La pili Verlin hakulitegemea. Bei ikapanda kidogo, ikachoka, ikasimama mbali sana na sifuri za Nadine. Dalali akasema haijauzwa, basi watu wakapiga makofi machache ya adabu, wakasubiri gari linalofuata. Verlin alikuwa analia na hakujali nani anaona. Nadine alikuwa hajamtazama bado.

Waliegesha nyuma ya mahema, karibu na tela la Burl. Verlin alizima injini, akashuka, akafungua boneti, akaichomoa rota kama Dewey alivyozoea. Alikaa nayo mkononi kidogo. Kisha akazunguka mpaka upande wa abiria.

"Kaa nayo wewe," alisema.

Nadine aliichukua. Aliifungua pochi yake, akaitia ndani, akaifunga zipu. "Mayai yako kwenye gari letu," alisema. "Nenda kayalete, tule. Na mwite Burl."