Sauti ya Metui Shingoni mwa Marseli

Mwezi wa saba, ukungu hushuka Ganako kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa juu ya mibuni hadi mchana, na nguo hazikauki. Lukresia alikuwa na njia yake. Alimkalisha mumewe Marseli kwenye kigoda nje ya mlango, akamtandika shuka mbichi mabegani, na kabla uji haujachemka shuka ilikuwa imekauka, ina joto kama iliyopigwa pasi. Majirani wa kambi ya vibarua walishazoea. Wenye watoto wachanga walileta nepi, wakashukuru, wakaenda kuchuma kahawa.

Marseli alikuwa mtu wa Singida aliyekuja kutafuta kazi kwenye shamba la kahawa. Alipoitwa kwenda vita vya Kagera alikuwa mnene kidogo, mpole, mpenda usingizi. Alirudi mwaka wa sabini na tisa akiwa mtu mwingine. Alimaliza sufuria nzima ya ugali na bado mbavu zikaonekana. Mikono ilimtetemeka hadi chai ikamwagika, macho yakamtoka kama ya mtu aliyeitwa ghafla. Trekta la shamba likitoa mshindo na moshi, alijitupa kifudifudi kati ya mibuni, na nyapara alimsubiri ainuke. Shingoni aliota uvimbe, ule watu wanaouita rovu. Wengi wa milima hiyo walikuwa nao, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Masika yaliyofuata, uvimbe ulianza kusema. Ilikuwa sauti ya kijana, nayo ilitoka midomo ya Marseli ikiwa imefumba.

"Ni nani huyo?" Lukresia aliuliza huku akimenya viazi.

"Metui. Tulikuwa kikosi kimoja."

"Anataka nini?"

"Sijui. Tulikuwa tunaongea Kiswahili. Mwishoni tu ndipo aliposema Kimaasai, kama sasa."

Lukresia akaongeza viazi viwili sufuriani.

Siku ya mnada wa Karatu, Marseli alikuwa amesimama akisubiri kupimiwa chumvi. Mzee mmoja aliyeleta mbuzi kutoka Nainokanoka akaja akasimama karibu naye, fimbo mabegani, akasikiliza shingo yake kwa muda. Kisha akamsalimu kwa adabu. Jina lake lilikuwa Ngoitiko.

"Huyo ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Anaomba maji. Anamwita mama yake."

Mnada uliofuata alikuja kambini na dada yake. Mama Metui alikuwa mwanamke mwembamba, mjane, asiyejua Kiswahili. Alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe alitoroka vitani. Tangu siku hiyo wanawake wenzake walihama alipokaa, na wadogo zake Metui walikataliwa kila boma walikokwenda kuposa. Rika la Metui lilikuwa limeacha kumtaja.

Lukresia akampa kigoda. Mama akaweka sikio shingoni mwa Marseli, akaunguzwa, akalitoa, kisha akalirudisha.

"Yeyo," sauti ikasema, ikimwita mama na kuomba maji. "Enkare."

Mama akamjibu kama anavyojibiwa mtoto aliye chumba cha pili. Ngoitiko aliwafasiria wenyeji: mvua imenyesha vizuri, ng'ombe mweusi amezaa, Metui atulie, maji yanakuja. Mama akamwinulia Marseli kibuyu cha maji, naye akanywa hadi tone la mwisho. Kibuyu kilipowekwa chini, sauti ikaomba maji tena.

"Dada yangu anauliza alikufaje," Ngoitiko alisema.

Marseli alitazama mikono yake. "Risasi ya nyonga, Yeyo, kwenye kinamasi cha mafunjo. Nikambeba. Tukaamriwa turudi nyuma haraka, mkubwa wetu akasema majeruhi watafuatwa na lori. Nikamweka chini, kichwa juu ya mkoba wangu. Lori halikwenda. Nilisema bado yuko kule, wakaniambia nikae kimya. Kesho yake walipoita majina hakuitika, basi wakasema ametoroka."

Ngoitiko alifasiri yote. Mama akaichukua mikono ya Marseli, akaishika mpaka ikaacha kutetemeka. Alipoiachia ikaanza upya.

Wakaenda wote wanne kwenye ofisi moja ya mjini iliyoshughulikia mambo ya waliopigana, kuomba Metui aandikwe kuwa alifia vitani. Ofisa alikuwa mtu muungwana. Alisimamisha feni ili asikie vizuri, akainamia shingo ya Marseli, akasikiliza hadi mwisho.

"Nimemsikia," alisema. "Nami sina shaka ni yeye. Lakini sauti si mwili. Leteni mwili."

"Mwili mliuacha ninyi," Lukresia alisema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana haupo." Akawasha feni.

Mwaka huo Marseli alizidi kukonda. Moyo ulimdunda hadi kitanda kikagonga ukuta, na kuku hawakutaka tena kulala chini ya kitanda kwa sababu ya joto. Lukresia akampeleka hospitali ya misheni. Daktari akamshika shingo, akasikia Kimaasai, akaendelea kuhesabu mapigo.

"Tezi hii ndiyo inayouambia mwili uende upesi au polepole," alisema. "Yako inauambia kimbia tu, usiku na mchana. Ilianza lini?"

"Huko vitani."

"Nimewaona na wengine. Meza vidonge hivi kila siku, tezi itanyamaza. Usipomeza, moyo utachoka. Nao hauko mbali kuchoka."

"Ikinyamaza, na yeye atanyamaza?"

Daktari alifikiri. "Nadhani ndiyo. Anatumia nyumba ileile."

Marseli hakumeza. Alivificha chini ya godoro, na Lukresia alipovikuta hakupiga kelele. Aliketi kitandani, akasema, "Unataka nibaki mjane kwa ajili ya marehemu?"

"Niliwahi kumwacha," Marseli alisema. "Siwezi kumwacha tena."

"Na mimi je?"

Shingo ndiyo iliyosema, ikaomba maji.

Mnada ulipofika, Lukresia alimwambia Ngoitiko kila kitu mbele ya mama, akalia. Mama Metui alisikiliza ufasiri wote. Kisha akaomba vidonge, akavimwaga kiganjani, akaviangalia vilivyo vidogo. Akaegemea shingo ya Marseli na kuzungumza kwa muda mrefu. Safari hii Ngoitiko hakufasiri. Alikuwa amegeukia ukuta, ameshika shuka lake usoni.

Mwishowe mama alimwekea Marseli kidonge mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Anasema yeye alizaa mmoja aliyekufa kwa kiu," Ngoitiko alisema. "Hataki kusikiliza wa pili akifa."

Sauti haikukatika ghafla. Kila wiki ilizidi kwenda mbali, kama mchungaji anayevuka kilima na mifugo yake, mpaka ikabaki pumzi tu. Marseli akaota nyama mbavuni, akarudi shambani, akaanza kulalamika baridi kama watu wengine. Lakini trekta likitoa mshindo bado alijitupa chini. Mama Metui aliendelea kuja kila mnada. Aliweka sikio pale pale, akaisikiliza pumzi, akanywa chai ya Lukresia, akaondoka na kaka yake.

Miaka kadhaa baadaye wakubwa walikuja Karatu kusoma majina ya mashujaa wa vita. Waliweka turubai uwanjani, wanafunzi wakaimba, na mama wa kila aliyetajwa aliitwa mbele akapewa kanga na mkono wa pole. Mama Metui alikaa kwenye benchi kati ya Ngoitiko na Marseli, amevaa shanga zake zote. Lukresia alikuwa nyuma yao. Majina yalisomwa. Mwenye kipaza sauti akasema amemaliza, akashukuru, akawakaribisha wageni kwenye chakula.

Mama alimuuliza kaka yake kitu.

"Anauliza kama wameshamtaja," Ngoitiko alimnong'oneza Marseli.

Marseli alimtazama mwenye kipaza sauti, akamwona anakunja karatasi ya majina.

Ngoitiko akamgeukia dada yake. Akamwambia, "Bado."

Mama akaitikia kwa kichwa, akatengeneza shanga zake, akakaa sawasawa. Watu walikula, wakatawanyika. Vijana wakakusanya viti, wakafungua kamba za turubai, na jua likawapiga wale wanne usoni. Mmoja wa vijana akaja kuomba benchi.

"Tuachie kidogo," Lukresia akamwambia. "Huyu mama anasubiri jina."

Kijana akasema sawa, akaenda kukunja turubai.