Vibanio vya Bawa

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, Nairobi iliamka na manyunyu. Musili, aliyeunda ndege ndogo za mbao, alizunguka katikati ya jiji akitafuta vibanio vya fremu yake, vya kushika mbavu za bawa hadi gundi ikauke. Vyake vilikuwa vimevunjika, na maonyesho ya kushindanisha ndege hizo, katika uwanja wa Jamhuri, yalikuwa Jumamosi. Kila duka walimtikisia kichwa.

Akafika Kenyatta Market akiomba kimoyomoyo. Mlangoni mwa saluni akasimama kama aotaye: nywele za mteja mmoja, Lornah, zilikuwa zimegawanywa mistari mistari, kila mstari umeshikwa kwa kibanio chembamba, mithili ya bawa lingojalo upepo.

“Mzee, hicho kipara kinachochungulia chini ya kofia tutakisuka vipi?” akauliza Syokau, msusi. Saluni nzima ikacheka.

“Nataka hivyo vibanio, mama.”

“Haviuzwi, ni vya marehemu mama. Nitakuazima Lornah akimaliza. Lakini apa kwanza.”

Musili akavua kofia.

“Biblia inakataza kuapa. Ila nyote mnisikie: Jumapili, kabla ya ibada, nitavirudisha vyote, nimeshinda au nimeshindwa.”