Chai Nzito ya Mama Shantel

Usingizi wa Mama Shantel ulinikera kuliko hata hiki kichwa changu kisicholala. Ndiyo, nasema wazi: nilimwonea wivu mbaya.

Sisi ni majirani hapa mtaa wa Section 58, na kwa miaka mingi tulikesha pamoja kwa simu, sote usingizi umetukimbia. Mimi nikichoka kugeuka kitandani, namtumia ujumbe, naye anajibu papo hapo. Kisha tukaachana njia. Mimi nikapewa tembe hospitalini. Yeye akaenda kwa mshauri mmoja wa usingizi kule Milimani, mama wa kuongea tu, hata sindano hana. Nilicheka! Ati usingizi usipokuja, atoke kitandani. Asilale mchana hata macho yakimuuma, aamke saa ile ile kila siku, na chai mwisho ni saa sita mchana. Mwanzoni alikuwa analia kwa uchovu, na mimi huku nakoroma na tembe zangu.

Sasa mwili umezizoea. Silali, au naamka na kichwa kizito, na daktari amekataa kuniongezea. Naye Mama Shantel? Amenawiri, ngozi inang'aa, ati siku hizi anaota ndoto! Nikimtumia salamu usiku, bila kusema nakesha, kimya. Anajibu asubuhi: "Pole mpenzi, nilikuwa nimelala." Karibu nirushe simu ukutani.

Basi Jumamosi jioni nikamwita. Kwetu mgeni hatoki bila chai, na kuikataa ni kumtukana mwenye nyumba. Mama Shantel anajua hivyo vizuri. Nikaipika nzito, majani nikayamwaga kwa kiganja, tena na tena. Leo tutakesha wote, nikasema moyoni.

Aliitazama ile chai. Akanitazama mimi.

"Mama Jerry, hii chai umeiwekea hasira."

"Kama hutaki, sema."

Akapiga funda. "Si uliniambia tembe bado zinakusaidia?"

Nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi tayari.

"Kwani kwa nini hukusema unakesha peke yako?" Akanywa tena. "Leo nitakuwa macho. Nipigie saa yoyote. Na Jumanne tunaenda wote kwa yule mama, hata kama ni kukuburuta."

Woi! Machozi yakanitoka, nikaona haya. "Wacha, Mama Shantel, usimalize! Utaharibu usingizi wako!" Nikamnyang'anya kikombe.

Kilikuwa kitupu.