Cheo Alichojipa Carlyle Quamina

Siku kiwanda cha kusafisha mafuta kilipofungwa, Verlyn aliisikia habari redioni kabla mumewe hajashuka kwenye tangi alilokuwa akilichomelea. Carlyle alipofika nyumbani na barua yake mfukoni, alikuta meza imeandaliwa, wali na mbaazi na kuku wa Jumapili ilhali ilikuwa Jumanne, na mkewe amekaa anamngoja kwa huruma. Miaka ishirini na sita ya kuchomelea vyuma ilikuwa imekwisha asubuhi hiyo, lakini kilichomuuma Carlyle zaidi ni kwamba Verlyn alijua kabla yake. Alisema hana njaa. Akatoka uani kuosha gari ambalo halikuwa chafu.

Mwaka ule wa kwanza alipaka nyumba rangi mara mbili. Watoto wao wawili walikuwa wameshahamia Kanada, kwa hiyo walibaki wao wawili tu, na mwanamume asiye na pa kwenda asubuhi huujua kila ufa wa nyumba yake. Verlyn alikuwa akifanya kazi kwenye jiko moja kubwa linalopika chakula cha mchana cha shule za kusini. Alianza kwa kumenya viazi. Mwaka ule ule akafanywa msimamizi, na wanawake kumi na wawili chini yake. Siku alipoleta habari hiyo, Carlyle alimpongeza kama mtu anayetoa pole msibani. Tangu hapo akaacha kula naye. Alisubiri mkewe aende kazini, kisha akala wima, kutoka kwenye sufuria, kama mwizi.

Kijijini walikuwa na maneno yao. Boysie, mwenye kilabu cha ramu pale njia panda, alikuwa akimuuliza Carlyle mbele za watu, "Mkeo kakuachia nauli, au leo unatembea?" Watu wanacheka, naye Carlyle anacheka nao, kisha anarudi nyumbani akiwa na ghadhabu isiyo na mtu wa kuielekeza. Halmashauri ilikuwa ikitafuta watu wa kufyeka majani kando ya barabara. Alisema mikono yake ilisomea moto, siyo majani.

Verlyn alikuwa Mbatisti wa Kiroho tangu tumboni mwa mama yake. Carlyle yeye alikwenda kanisani siku ya mavuno tu, akasimama nyuma na kofia mkononi. Sasa alianza kwenda kila Jumapili, akaona jambo ambalo hakuwahi kulitia maanani. Wanaume wasiokuwa chochote katikati ya juma, mmoja muuza samaki, mwingine hana hata kazi, siku hiyo walikuwa watu. Walivaa mikanda ya rangi, wakashika kengele, wakaitwa kwa vyeo vyao kama Kapteni, na wanawake wakawapisha. Vyeo hivyo havigawiwi na mtu. Mwumini huenda kuomboleza: hufungwa vitambaa machoni, akalazwa chini kwenye chumba cha udongo siku saba, na huko Roho humsafirisha na kumwonyesha kazi yake. Akitoka husimama mbele ya kanisa na kueleza safari yake.

Alimwendea Mama Ismay, mkuu wa kanisa lile, mwanamke wa miaka sabini na minane aliyekuwa na sauti ya chini na macho yasiyopepesa, akaomba kulazwa.

"Unakwenda kutafuta nini?" Mama Ismay aliuliza.

"Neno la Mungu, Mama."

"Mwanangu, ukienda na begi lako limeshajaa, hutarudi na kitu."

Lakini alimlaza. Kila asubuhi alimwinamia na kumuuliza ameona nini, na kila asubuhi Carlyle, akiwa gizani nyuma ya vitambaa vyake, alijibu kwamba bado. Hadi siku ya nne hilo lilikuwa kweli.

Siku ya tano alisafiri. Alijiona anatembea kwenye barabara kavu, ndefu, mpaka kwenye banda moja walimokaa wanawake wengi, wazee kwa vijana, waliochoka kwa mwendo. Mtu asiyemjua alimpa beseni la maji na kitambaa, akamwonyesha miguu yao. Ilikuwa kazi ya Nesi, na kanisani pale manesi wote walikuwa wanawake. Wao ndio huwafuta jasho wanaopandisha Roho na kuwaosha waliolala chini. Carlyle akasema, hii siyo yangu, nipe ya kushika kengele. Yule mtu akamjibu kwa upole kwamba iliyopo ni hiyo. Carlyle alisimama na beseni mikononi mpaka maji yakapoa, na hakuinama. Alipozinduka, Mama Ismay alimuuliza. Akasema bado.

Jumapili walimfungua macho. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota, na kanisa zima lilikuwa limejaa nyimbo. Verlyn alikaa benchi la pili na mshumaa. Carlyle alizitazama nyuso zile zote zikimngoja yeye, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa miaka miwili, akafungua kinywa.

"Nilipewa upanga na kengele," alisema. "Niliitwa Kapteni."

Mama Ismay alimtazama kwa muda. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mama."

"Haya. Shahidi wako ni yule aliyekupeleka."

Wakamfunga mkanda mwekundu. Verlyn alilia kwa furaha mpaka mshumaa ukamdondokea mkononi.

Carlyle angeishia hapo, pengine uongo wake ungemla yeye peke yake. Lakini cheo cha Jumapili hakikumtosha Jumatatu, Verlyn alipochukua mkoba wake na kwenda kazini. Wiki tatu baadaye Carlyle alimwita sebuleni, akamwambia kuna jambo alilolificha la safari yake. Roho alimwonyesha nyumba yao imesimama kichwa chini miguu juu. Mke aliyeinuka juu ya mume ndiye aliyeipindua, na isingekaa sawa mpaka aiache kazi ile.

Verlyn alimjua mumewe. Kama angesema kwa jina lake mwenyewe, wangegombana hadi majirani wafunge madirisha.

"Ni Roho aliyesema hivyo?" aliuliza. "Siyo wewe?"

"Mimi ni nani, niseme kwa niaba yake?"

 Verlyn akauliza kama angeweza kumalizia muhula, watoto wasikose chakula. Carlyle alimkubalia, akajiona mwungwana.

Nafasi ya Verlyn ilichukuliwa na Kerry-Ann, binti ambaye Verlyn mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kisu. Nyumbani mambo yalibana. Carlyle alipata kuchomelea geti hapa, dirisha pale, kisha wiki zikapita bila kitu. Walikula shelisheli asubuhi na jioni, wakarudia kupikia mkaa. Hata hivyo alikaa kichwani mwa meza, akapakuliwa, akala ameketi. Kwa miezi michache aliamini kwamba hicho ndicho alichokuwa amekikosa.

Verlyn ndiye aliyeanza kunyauka. Hakulalamika. Shida yake ilikuwa kwamba ametii na amani haikuja. Aliamka akiwaza mchuzi wa watoto mia nne, nani kautia chumvi, na wazo hilo akaliona uasi. Akafunga Ijumaa, kisha Jumatano na Ijumaa. Mwishoni akaomba naye alazwe chini. Siku zote saba Carlyle, kwa kuwa Kapteni huruhusiwa kuingia chumbani mle, aliingia kumwinulia kichwa na kumnywesha maji.

Jumapili Verlyn alisimama mbele ya kanisa, vitambaa vimefunguliwa, akatikisa kichwa.

"Sikuona kitu," alisema. "Ilikuwa giza tu. Nisameheni."

Watu waliinamisha macho. Wengi wakirudi hivyo hutunga japo kidogo, ila Verlyn hakuijua njia hiyo. Nyumbani alimwambia mumewe kwamba Roho amempa mgongo, kwa sababu moyoni bado anaitamani kazi yake. Carlyle aliusikia ukweli ukimpanda kooni, akaumeza. Akamwambia, "Zidi kuomba."

Akazidi. Mwezi wa Agosti alianguka kwenye sinki la kufulia nguo, uso ukagonga zege. Hospitalini daktari alimuuliza Carlyle, bila ubaya, mgonjwa huyu mara ya mwisho alikula lini.  Carlyle alikuwa akikaa naye mezani kila siku na hakuwahi kutazama sahani yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Ismay, akamkuta uani anapukuchua mbaazi. Alimweleza yote akiwa amesimama. Bibi yule hakuacha kupukuchua.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua? Na ukanifunga mkanda?"

"Nilijua siku ile ile. Mtu aliyetoka kule hasemi kwa haraka vile." Akatupa ganda la mbaazi. "Kanisa langu lina wanaume wanne, Carlyle. Nilitaka wa tano. Hiyo ni dhambi yangu, nitaijibu mwenyewe. Ya kwako ni hii: kiwanda kilikutoa kazini, ukadhani kimekutoa kwenye uanaume, ukaja kuuiba kwa Mungu. Mungu haibiwi. Aliyeibiwa ni Verlyn."

"Nifanye nini?"

"Usiniulize mimi. Saa ya kuona wagonjwa haijaisha."

Alimkuta Verlyn ameegemea mto, jicho moja limevimba, dripu mkononi. Alivuta kiti akamweleza: barabara, banda, wale wanawake, na alivyokataa kuinama. Verlyn alisikiliza bila kumkatiza.

"Beseni?" aliuliza.

"Beseni na kitambaa."

"Na habari ya kazi yangu, nani alisema?"

"Hakuna aliyesema. Ni mimi."

Verlyn aliivuta shuka mpaka kifuani. Aliposema, hakupaza sauti.

"Nililala chini siku saba nikiomba msamaha kwa kosa ambalo sikuwa nalo. Na wewe ulikuwa unaniletea maji. Unaniinua kichwa, unaninywesha, unaniona."

Carlyle alisema ndiyo.

"Sogeza kiti," alisema Verlyn. "Nesi anataka kupita."

Jumapili iliyofuata Carlyle alikiri mbele ya kanisa. Mkanda ukafunguliwa, akapelekwa benchi la mwisho, pasipo cheo wala muda uliotajwa. Boysie hakumtania tena alipopita njia panda, na hilo lilimtesa kuliko utani. Alikwenda halmashauri akapewa mashine ya kufyeka. Sasa anafyeka kando ya barabara juani, na watu wanaomjua wanapita na magari yao bila kupiga honi.

Verlyn alipopata nguvu alirudi jikoni kwake. Nafasi yake ilikuwa imekwenda. Iliyokuwepo ni ya kuosha masufuria, chini ya Kerry-Ann, ambaye siku za kwanza alishindwa kumtuma kitu. Akaichukua. Nyumbani analala chumba cha watoto. Anapika, wanakula pamoja, anamuuliza habari za kutwa. Hakuna ugomvi.

Kanisani hakurudi. Mama Ismay alikuja mara mbili kumwomba radhi. Verlyn alimpokea vizuri, akampa juisi, akamsindikiza hadi getini. Jumapili anafua sare yake, anaianika, kisha anakaa barazani mikono mapajani.

Asubuhi moja Carlyle alisimama mlangoni, amevaa shati lake jeupe, akamuuliza kama hawezi kwenda naye, japo akae nyuma, japo asiimbe.

"Siwakasirikii," Verlyn alisema. "Ila nikifumba macho sasa, sijui nazungumza na nani. Linakuja neno, najiuliza hili la Mungu au la mtu. Zamani sikuwa na swali hilo."

"Nikae na wewe basi?"

"Hapana. Wewe nenda. Wewe ulimwona aliyekupa beseni."

Alipanda kilima peke yake. Walikuwa wameshaanza kuimba. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akaketi mahali pake, na hakufumba macho.