Tende ya Siku ya Saba

Time binti Shaame hakukalika tangu alfajiri. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akakunja khanga akaikunjua, akaingia chumba cha uani na kutoka mpaka kuku wenyewe wakamchoka. Mjukuu wake alikuwa anatimiza siku ya saba. Angenyolewa, angepewa jina, na jina lenyewe lilikuwa la bibi yake: Time. Na bibi ndiye angemtafunia tende.

Nyumba nzima pale Nguvumali ilijua uzito wa jambo hilo. Wazee wake walitoka nalo Pemba: mtoto hutiwa kinywani tende iliyotafunwa na mtu mzima wa kwao, na tabia ya aliyetafuna humfuata. Mjukuu wa kwanza alitafuniwa na Bi Asmahani, mama yake Hafidh, mume wa Rahila binti wa Time, na kwa miaka minne mwanamke huyo hajanyamaza. Mtoto akijua herufi, ni mate yake. Akila akamaliza, ni mate yake. Akivunja kikombe, hapo tu ndipo anakuwa mjukuu wa Time.

Tatizo lilikuwa kidonge. Goita ilimsumbua Time mwaka mzima, moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka, mpaka hospitali moja ya Dar es Salaam wakampa kidonge cha iodini yenye mionzi. Muuguzi Leticia alimweleza taratibu: atomi za dawa ile hazina utulivu. Viini vyake vinavunjika kimoja kimoja na kutupa mionzi, na kila kinachovunjika kinageuka kitu kingine kilichotulia. Mionzi hiyo ndiyo inayoichoma tezi ya shingoni. Lakini dawa hiyo hutoka hata kwenye mate, na kwa mtoto mchanga ni hatari. Kila siku nane, alisema, nusu inakwisha.

Basi Time akarudi Tanga, akajitenga uani na sahani yake na kikombe chake. Rahila, bintiye, alipojifungua, mama mtu alimwona mjukuu kwa mbali, dirishani, akarudi chumbani kulia.

Aliyempa moyo ni Hafidh, dereva wa lori la machungwa.

"Mama, hesabu ndogo hii. Lori likinywa nusu tanki kwenda Maramba, nusu nyingine linainywa kurudi. Nane na nane, kumi na sita. Akika inaangukia siku ya kumi na saba tangu umeze kidonge. Tanki tupu!"

Hakuna aliyembishia. Kila mtu alilitaka jibu hilo, na Time kuliko wote.

Asubuhi ya akika, kwa furaha, alimpigia Leticia simu ampe habari.

"La, mama," Leticia alisema. "Nane za kwanza zinaondoa nusu. Nane za pili zinaondoa nusu ya kile kilichobaki, siyo chote. Hata robo ikibaki, bado ni dawa. Nyingine umeitoa kwa mkojo, sikatai, lakini mate yako siyaamini bado. Daktari alisema mwezi mzima. Usimpe mtoto."

Time alikata simu na hakumwambia mtu. Robo ni nini? Tende moja ni nini? Akachukua ufagio, akafagia tena.

Baada ya kunyoa, akaitwa sebuleni. Rahila alikuwa mkekani na mtoto mapajani, Bi Asmahani kando yake, macho makali. Time alitia tende mdomoni. Utamu hakuusikia; tangu kidonge kile, kila kitu kilikuwa na ladha ya kijiko. Akatafuna. Sasa na mimi nina wangu, aliwaza, na moyo ukamwenda mbio kama zamani za ugonjwa.

Mtoto akafungua kinywa, akitafuta ziwa. Shingo yake ilikuwa nyembamba, inapanda na kushuka, pale pale ambapo ya bibi yake ilikuwa imevimba.

Time akaimeza tende.

"Mama?" Rahila aliuliza.

"Bi Asmahani, mtafunie wewe. Hafidh kakosea hesabu. Dawa bado imo."

Rahila alimkazia macho. "Umejua lini?"

Angeweza kusema amekumbuka sasa hivi. "Asubuhi," alisema.

Rahila akamvuta mtoto kifuani, akamfunika kwa mtandio, akageukia ukutani. Time aliumia. Akanyanyuka, akaelekea mlango wa uani.

"Rahila, mwanangu, usimpe mama yako mgongo," Bi Asmahani alisema. "Tende alikuwa nayo mdomoni na mtoto kinywa wazi. Kaimeza. Mimi nisingeiweza hiyo."

Akachukua tende moja sahanini. Time alisimama mlangoni, akajikaza ashuhudie. Lakini Asmahani aliigeuza vidoleni, akairudisha, akaifunika sahani kwa kawa.

"Mimi nilikwisha kutafuna yangu. Hii itangoja mwezi uishe, mkwe mwenzangu, na nitakuletea mtoto mwenyewe kwa mikono yangu."

Time aliitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka.

"Na akija kuvunja vikombe," Asmahani aliongeza, "tutajua ni mate ya nani."