Jiwe la Kunolea Jembe

Mtu akikwambia Wachaga wakihamia Ulaya wanasahau ardhi, mwambie akamwone Restuta wa Edmonton, mtaa wa London. Mama huyu, mzaliwa wa Kibosho, asubuhi anawaogesha wazee na kuwapa dawa majumbani mwao. Mchana yuko kwenye kiploti chake nyuma ya maghorofa, analima mnavu na mahindi kana kwamba baridi ya London haimhusu. Miaka mitatu alikuwa nacho kiploti hicho, na alikipenda kuliko sebule yake. Mumewe Method, dereva wa basi, alishazoea kuambiwa chakula kiko kwenye friji.

Basi mwezi wa nne ikaja barua. Kampuni iliyonunua majengo ya jirani ilisema viploti vyote viko ndani ya eneo lake, na itavimwagia lami viwe maegesho. Mwenye ushahidi wa kupinga aulete kabla mwezi wa tano haujaisha. Restuta alisoma mara mbili, akakaa chini. Mnavu wake ung'olewe ili magari yapate pa kulala! Alikasirika mpaka chai ikapoa.

Barua hiyo akaipeleka kwa Bibi Anne, mmoja wa wazee aliowatunza, mwenye miaka tisini na moja na kumbukumbu ya kutisha. Huku akichanwa nywele, Bibi Anne akamweleza kwamba zamani Edmonton ilikuwa kijiji hasa, na kwenda London ilikuwa safari. Watu wa kijiji walichunga ng'ombe kwenye ardhi ya wote, ambayo hakuna bwana mwenye mashamba aliyeweza kuiuza. Ardhi hiyo ilipokutana na mashamba ya mabwana, yalisimamishwa mawe ya mpaka. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Kupaa Bwana, padri aliwaongoza watu kuuzunguka mpaka kwa sala, na kwenye kila jiwe walimkamata mtoto mmoja wakamgongesha makalio juu yake, ili akizeeka awe shahidi. Desturi hiyo ilikuwepo bado utotoni mwa Bibi Anne, naye aligongeshwa kwenye jiwe la tisa, akiwa na gauni jipya, na jiwe hilo lilikuwa huko huko nyuma ya maghorofa.

Restuta alicheka hadi akaweka chanuo chini. Kumbe Wazungu nao! Babu yake alimzungusha kihambani, kwenye shamba la ukoo, vivyo hivyo, na kwenye kila sale, mmea ule wa mpaka, alimfinya sikio mpaka machozi yatoke. Ukisahau mpaka, babu alimwambia, utakumbuka sikio. Na anayeng'oa mpaka anauletea ukoo wake laana.

Jirani yake wa kiploti, Ranjan, postamasta mstaafu anayependa historia ya mtaa, akaenda kwenye hifadhi ya nyaraka na kurudi na nakala ya ramani ya karibu miaka mia mbili. Jiwe la tisa lilichorwa humo, futi mia na kumi kutoka pembe ya ukuta wa kanisa, ingawa mwelekeo wake haukusomeka vizuri, na viploti vyote vilikuwa upande wa ardhi ya wote. Kampuni ikajibu kwamba mchoro ni mchoro tu. Jiwe lenyewe liko wapi?

Wakalitafuta. Jumamosi mbili watu wa viploti walidunga njia na vichaka kwa nondo, wasipate kitu. Aliyechimba kwa hasira kuliko wote ni Restuta, na mdomo wake haukupumzika. Mtu wa namna gani, aliuliza, anang'oa mpaka wa watu? Hana kwao?

Jumamosi ya pili, akiwa hoi, alikaa kando ya banda lake akaanza kunoa jembe. Alilinoa pale pale aliponolea siku zote, kwenye lile jiwe refu ambalo yeye na Method waliling'oa kwa mtaimbo mwaka wa kwanza kwa sababu lilikatiza mstari wa mahindi. Mkono ukaenda, ukarudi, ukasimama. Akakwangua kuvu kwa ncha ya jembe, na chini yake zikatokea namba za Kirumi: tisa.

Alitamani udongo umfunike. Wiki mbili alikuwa anamtukana mng'oa mpaka, na mng'oa mpaka ni yeye, mjukuu wa babu yake. Angeweza kunyamaza. Badala yake alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Anne, akiwa na matope magotini.

"Aliyeling'oa ni mimi," akasema. "Sikujua, lakini ni mimi."

Bibi Anne hakushtuka hata kidogo. "Na shimo ulilifanyia nini?"

Restuta akakumbuka. Shimo lile kubwa hakutaka lipotee bure. Alipanda humo mche wa mtini.

Restuta akawaambia na wenzake, na Jumatatu Ranjan alivuta tepu kutoka pembe ya kanisa mbele ya mpimaji wa kampuni, na futi mia na kumi zikaishia kwenye shina la mtini. Wakauchimbua na mizizi yake, na chini wakakuta kitako cha mawe madogo yaliyoshindiliwa. Walipoliinua jiwe, likaingia humo bila kusukumwa. Mpimaji alipiga picha nyingi, akasema machache. Baada ya wiki moja kampuni ikaandika kwamba imeondoa dai lake.

Jumapili iliyofuata hapakulimwa. Mtini ulikuwa umehamishwa hatua moja, jiwe limesimama wima, pilau na mtori wa ndizi mezani, na Bibi Anne yuko kwenye kiti cha magurudumu na kofia ya harusi. Akadai desturi imalizwe. Yeye ndiye shahidi wa mwisho, alisema, na tisini na moja si mchezo, anatakiwa mwingine. Kidole chake kikamwelekea Restuta.

Mwanamke wa miaka hamsini na nne, mwenye nyonga za heshima! Method na Ranjan walimnyanyua kwa taabu, wakamgongesha mara tatu huku viploti vyote vikishangilia, na Method akilalamikia mgongo wake. Restuta alicheka mpaka kilemba kikadondoka. Akainama mbele ya Bibi Anne kukiokota, na vidole vikongwe vikamshika sikio, vikalifinya kweli kweli.

"Na hili ni la babu yako," akasema Bibi Anne.

Machozi yakamtoka Restuta kama alipokuwa na miaka sita, na hakuyafuta.