Ndege Kwenye Diski ya Sarwoko

Koh Winarko aligeuza kioo cha kompyuta kumwelekea Bu Wuryanti, kisha akairudisha mikono yake magotini. Ndivyo ilivyokuwa kawaida ya karakana yake ya kufufua diski pale Surabaya: mteja aone kwanza kilichopatikana, ndipo alipe.

"Vimetoka karibu vyote, Bu," alisema. "Diski ilikuwa taabani, lakini vimetoka. Tazama kama ndivyo vyenyewe."

Bu Wuryanti akavaa miwani. Alikuwa ametoka Ngawi kwa treni ya alfajiri ili asikie sauti ya mumewe. Marehemu Pak Sarwoko alikuwa dalang, mwendesha vikaragosi vya ngozi kwenye pazia la vivuli, na yeye mkewe ndiye aliyekuwa mwimbaji wake. Kila onyesho mzee alilirekodi mwenyewe kwenye diski ile. Zamu ya vichekesho ilipofika alimtania mkewe mbele ya kijiji kizima, kwamba akikaanga samaki, hata paka hubisha hodi kwanza aulize kama kuna chakula kingine. Watu wakishacheka, aliiacha sauti ya kikaragosi na kumwuliza kwa sauti yake ya nyumbani, "Umechoka, Wur?" Ili ayasikie tena maneno hayo mawili matatu, Bu Wuryanti aliuza bangili yake amlipe fundi.

Kwenye kioo kulikuwa na ndege. Ndege vizimbani, video kwa mamia, wakishindanishwa kuimba huku wenye ndege wakiwapigia mbinja.

"Koh, hii si yangu. Umechanganya na ya mtu mwingine."

Koh Winarko hakuudhika. Akafungua picha alizopiga siku ya kuipokea. "Kasha nililifungua mbele yako, Bu. Wewe ndiye uliyenishikia tochi. Namba hizi hapa, na diski hii hapa. Ni ileile. Ila niambie, mzee alifariki lini?"

"Elfu mbili na kumi na saba."

Fundi akainamia lebo, akaisoma, akaisoma tena. "Diski hii ilitengenezwa baada ya hapo, Bu. Kasha ni lake. Cha ndani si chake."

Video iliyokuwa ikicheza ilionyesha geti la kijani, na mtu akisema, "Mas Pam, shika simu vizuri, huyu ndiye bingwa." Bu Wuryanti alilijua geti hilo. Lilikuwa la shemeji wa Pambudi, na Mas Pam ndiye Pambudi mwenyewe, mwanafunzi wa zamani wa mumewe.

Pambudi alikuja kwao akiwa kijana, akakaa nyumbani kujifunza kwa kutumika, kama wanafunzi wa dalang wanavyofanya. Alifagia, alibeba sanduku la vikaragosi, alikula alichopika Bu Wuryanti. Mzee alipofariki, aliingia pamoja na wanaume wa ukoo kumwosha. Diski ilipogoma kufunguka, yeye ndiye aliyeichukua kwenda kuitengeneza, akairudisha na kusema imekufa, tumwache mzee apumzike. Sasa Pambudi mwenyewe alikuwa dalang, na watu walisema Sarwoko amerudi. Bu Wuryanti ndiye aliyekuwa akimwimbia.

"Lipa nusu tu, Bu," alisema Koh Winarko.

"Kazi umeifanya, Koh. Ndege wako hao wanaimba." Akalipa yote.

Fundi akamsindikiza hadi mlangoni. "Ukiipata ya kweli, isiwashwe tena. Kilichofutwa huweza kurudi, mradi hakijawekwa kingine juu yake."

Ndani ya treni ya kurudi alimtetea Pambudi moyoni. Labda diski mbili zilikuwa juu ya meza moja. Labda fundi wa mtaani alizichanganya, na kijana hakujua. Treni ilipofika Nganjuk alikuwa ameshamsamehe. Ilipopita Madiun akakumbuka onyesho la mwezi uliopita. Pambudi alisema kile kichekesho cha samaki, na kabla ya kufika kwa paka, alinyamaza kidogo na kukohoa. Mzee alikohoa pale kwa sababu mapafu yake yalikuwa yanaumwa. Ya Pambudi hayana kitu.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa Pambudi. Mke wa Pambudi alimkaribisha, akaleta chai, akarudi jikoni. Pambudi akaketi chini mkekani, chini kuliko kiti cha mgeni, kama alivyozoea.

"Bu, ungepiga simu ningekufuata kwa pikipiki."

"Sikutaka kukusumbua. Shemeji yako bado anafuga ndege?"

"Wamebaki wachache, Bu. Siku hizi chakula chao ghali kuliko chetu."

"Nimewaona leo Surabaya. Wamo ndani ya diski ya mzee."

Pambudi akaangalia mikono yake. Jikoni sufuria iliwekwa chini.

"Haikufa," alisema. "Waya tu ndio ulikuwa umekatika. Nilitaka niisikilize siku moja, nirudishe. Halafu nikashindwa. Diski iliyokufa ya shemeji ilikuwapo, nikaitia kwenye kasha la mzee, nikasema nani ataiangalia."

"Ungeniomba."

"Ungenipa nakala, na Wiryo, mwanafunzi mwenzangu, nakala, na kila atakayekuja kukulilia. Bu, wewe ungemgawa mzee kama peremende."

"Kwa hiyo ukamchukua mzima. Iko wapi?"

Akaenda chumbani, akarudi nayo ikiwa uchi bila kasha, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Vichekesho vyote vipo. Nimevikata vizuri na kuvipanga."

"Na mahali anaponiuliza kama nimechoka?"

"Sehemu zile za katikati nilizifuta, Bu. Hazikuwa na kazi, na diski ilikuwa inajaa."

"Ikajaa nini?"

"Maonyesho yangu. Ninarekodi kila wiki."

Bu Wuryanti akaiangalia ile diski. Ilikuwa bado ina joto. Alijua Koh Winarko atasema nini, na alijua kwamba atapanda treni hata hivyo. Akaifunga katika mtandio wake.

"Zangu zote zimo humo," Pambudi alisema. "Sina nakala kwingine."

"Nimesikia."

"Na Jumamosi tuna onyesho, Bu. Watu wa Magetan wameshapanga viti."

"Una onyesho," akamsahihisha, kwa upole uleule aliomsahihishia sauti enzi za kujifunza.

Mke wa Pambudi alikuja kuchukua kikombe, akakikuta kimejaa hadi ukingoni. Akamtazama mumewe. Bu Wuryanti alikuwa tayari nje, akitafuta viatu vyake.